Mtani Alisema Kweli, Tukacheka

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyetupa jua na ukungu, kila kimoja kwa wakati wake. Namshukuru kwa pumzi ninayovuta asubuhi hii. Namshukuru hata kwa yale yaliyoniliza, maana katika kulia nilimjua zaidi kuliko nilivyomjua katika kucheka. Baada ya kumshukuru Yeye, nawaomba wasomaji wenzangu mnivumilie, kwani mkono wangu wa kuandika si mwepesi tena.

Nina miaka sabini na mmoja. Ni mkulima wa kabichi na karoti, na kwa muda mrefu nimekuwa imamu wa msikiti mdogo katika kijiji kimoja kilicho juu ya Mlola, huku Usambara. Nataka kuwaeleza jinsi nilivyompoteza mke wangu, Mama Saumu, kwa sababu ya betri za sola zilizokataa kushika chaji.

Najua wapo watakaouliza, betri inaweza kumuua mtu? Hata mimi ningeuliza hivyo... Someni mpaka mwisho.

Mambo haya yalitokea miaka ile ya ruksa. Wanaoikumbuka wanajua. Zamani mboga zetu zilioza shambani kwa kukosa mnunuzi, halafu biashara ikafunguliwa, na malori yakaanza kupanda mlima kuzifuata. Madukani vikaonekana vitu ambavyo tulivisikia tu redioni. Mfanyabiashara mmoja wa kijijini kwetu alikuwa akiteremsha kabichi Dar es Salaam, na safari moja alirudi na habari za paneli za sola. Alituambia kuna kioo unachokilaza juu ya bati, kinakunywa jua mchana kutwa, na usiku unawasha taa.

Waumini walichanga. Kila mwenye bustani alitoa alichojaliwa, na wasio na fedha walitoa nguvu zao kwenye msaragambo wa kubeba mizigo kutoka barabarani. Zikaja paneli, zikaja betri nne kubwa nyeusi, na ikaja jenereta ndogo ya petroli. Jenereta ilikuwa ya akiba. Kwetu ikifika miezi ya baridi, ukungu unaweza kukaa juu ya kijiji siku nyingi mfululizo, jua lisionekane kabisa. Siku hizo betri zingechajiwa kwa jenereta.

Kwa kuwa nyumba yangu iko hatua chache kutoka msikitini, vyombo vyote viliwekwa kwenye stoo yangu ya mazao. Waya ukapita juu mpaka msikitini na kwenye banda la madrasa.

Aliyefunga mitambo hiyo alikuwa Fundi Salehe. Alikuwa na kibanda sokoni Mlola, akitengeneza redio, na sola zilipoingia akajifunza na hizo. Ukoo wao na ukoo wetu ni watani tangu enzi za babu zetu. Kwa mtu wa kwetu neno hilo linatosha. Mtani wako anaweza kukuvua kofia mbele ya wageni, anaweza kumbeba kuku wako uwanjani akaondoka naye, na wewe huruhusiwi kukasirika. Unasubiri siku yako. Na ukifa, mtani ndiye anayekuja kufanya vituko kaburini ili wafiwa wasizimie kwa huzuni.

Salehe alikuwa mdogo kwangu sana kwa umri, kwa hiyo hakuacha kuniamkia. Lakini hata shikamoo yake ilikuwa na mkia.

"Shikamoo, mtumwa wangu," alikuwa akipaza sauti tangu njiani.

"Marahaba, mwizi wa kuku," nilikuwa namjibu, na mke wangu akicheka huko jikoni na kumwekea uji.

Mama Saumu alimpenda sana. Sisi tulijaliwa mtoto mmoja tu, Saumu, naye ameolewa mbali, Bungu. Nyumba yetu ilikuwa kimya. Salehe akija, kimya kilikimbia.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa neema. Taa ziliwaka msikitini, wazee wenye macho mabovu wakarudi kwenye darasa la Kurani, na adhana ikatoka kwenye kipaza sauti mpaka ng'ambo ya bonde. Mke wangu alikuwa akisimama mlangoni kunisikiliza. Alisema sauti yangu kwenye kipaza sauti ni nzuri kuliko ninapomwita ndani ya nyumba.

Mwaka ulipokwisha, Salehe alikuja akasema betri zinahitaji kusafishwa. Akaeleza kwamba ndani yake kuna uchafu unaokaa chini, na kwamba kazi hiyo haiwezi kufanyika nyumbani, lazima zipelekwe kwenye kibanda chake. Tungejua nini sisi? Vijana walizibeba mpaka barabarani, watu wawili kwa kila betri, maana zilikuwa nzito ajabu. Wakapumzika mara kadhaa njiani huku wakimlaani Salehe kwa utani.

Alizirudisha baada ya siku chache. Zilikuwa zimepakwa rangi nyeusi mpya, zinang'aa. Watu walikuwa wamekaa uani kwangu siku ile, tulikuwa tumetoka kuswali Ijumaa. Salehe akashuka mteremko wa nyuma ya nyumba akiwa amebeba betri moja begani, peke yake.

Mke wangu akamwambia, "Leo nguvu umezitoa wapi? Juzi wanaume wawili walikuwa wanalia."

"Nimekula ugali wa Mazinde, mama," akajibu. "Ule unapikwa na joto la jua, si huu wenu wa baridi."

Watu wakacheka. Akaiweka betri chini, akapangusa jasho, akatutazama wote, akasema, "Nawaambia ukweli, ninyi watumwa wangu. Betri zenu nimeziuza. Hizi nimewaokotea kwenye malori yaliyokufa huko chini Mazinde."

Uwanja mzima uliangua kicheko! Mke wangu alicheka mpaka akashika ubavu. Akamjibu, "Kama ni mbovu kama wewe, basi tutazitumia kufukuzia nguruwe shambani."

Salehe naye akacheka. Mimi pia nilicheka, wasomaji wangu... Nilicheka, nikamkaribisha chakula, akanawa mikono na kula sahani moja na mimi.

Haukupita muda, shida zikaanza. Kwanza taa zilififia baada ya swala ya Isha. Halafu zikaanza kufifia kabla ya Isha. Siku moja nilikuwa katikati ya adhana ya Magharibi, kipaza sauti kikakata, nikabaki namalizia kwa koo langu kama zamani. Nje nikasikia mtu akisema kwa Kishambaa kwamba leo imamu amemezwa.

Kilichotushangaza ni kwamba kisanduku cha chaji, kile chenye vitaa vidogo, kilionyesha betri zimejaa. Taa ya kijani iliwaka mapema, jua likiwa bado halijafika utosini. Tukasema, Alhamdulillahi, zimejaa. Jioni hamna kitu.

Tulifanya kila tulichoweza kufikiri. Tulipanda juu ya bati tukafuta paneli kwa kitambaa chenye maji. Tulisugua vichwa vya betri, tukamwaga maji ya moto kuondoa ule ukungu mweupe unaoota pale. Tuliongeza maji ya betri yaliyonunuliwa dukani. Tulikagua waya kutoka stoo mpaka msikitini, pima kwa pima. Mzee mmoja akasema huenda ni kijicho cha watu wa kijiji jirani, wasiopenda kusikia adhana yetu. Nilimkataza kusema hivyo. Tukasoma dua, lakini sikutaka tumsingizie mtu.

Mwisho watu wakasema kivuli ndicho kinachotuponza. Uani kwangu palikuwa na mplamu aliopanda mke wangu mwaka aliozaliwa Saumu. Asubuhi kivuli chake kiligusa ncha ya paneli moja. Nilimwomba ruhusa. Aliutazama mti, kisha akasema, "Ukateni. Nyumba ya Mungu isikae gizani kwa ajili ya matunda yangu." Ukakatwa. Kivuli kikaondoka.

Taa zikaendelea kuzimika.

Nikamtuma mtu Mlola kumwita Salehe. Alikuja, akafungua vifuniko, akachungulia, akagonga gonga. Siku ile hakutania sana. Akasema, "Mghosi, hizi zimezoea vibaya." Mghosi ni neno letu la kumheshimu mwanamume mzima, na hakuwa na kawaida ya kuniita hivyo. Nilipaswa kushtuka. Akaeleza kwamba jua la kwetu ni dogo, kwa hiyo ni lazima jenereta iwashwe kila siku, baada ya Adhuhuri mpaka Isha ipite, zichajiwe polepole. Akasema tukifanya hivyo kwa muda, zitarudi kama zamani.

Leo najua kwamba betri zile hazikuwa zikichajiwa hata kidogo. Zilikuwa zimekufa. Betri iliyokufa hujaa upesi kwa sababu haina nafasi ya kuweka kitu, kama kibaba kilichojaa mawe ukakitia maji. Taa zetu zilikuwa zikila moja kwa moja kutoka kwenye jenereta. Ndiyo maana alitaka iwashwe mpaka saa za taa. Taa zingewaka, na sisi tungesema dawa ya fundi imefanya kazi. Na kweli, tulisema hivyo. Tulimshukuru!

Ikafika miezi ya baridi. Wanaoijua Usambara wanaijua baridi ya mwezi wa saba. Manyunyu hayakatiki, nguo hazikauki, ukungu unaingia ndani ya nyumba kama mtu wa nyumbani. Jenereta ilikuwa ikikaa nje chini ya upenu wa stoo. Manyunyu yakaanza kuilowesha, ikawa inazimika. Wakati huohuo zikaja habari za wezi wa mashine za maji huko mabondeni. Jenereta ikaingizwa stoo. Bomba lake la moshi lilielekezwa kwenye kidirisha kidogo, na mlango tukauacha wazi.

Mke wangu alikuwa na ugonjwa wa viungo, baridi ilimtesa sana. Akagundua kwamba stoo ndiyo sehemu yenye joto kuliko zote nyumbani. Akahamishia kazi zake humo. Alikaa kwenye kigoda, mgongo kwenye gunia la mahindi, ungo mapajani, akipukuchua maharage huku mashine ikinguruma karibu na miguu yake. Kwetu mtu huota moto jikoni tangu utotoni, hakuona tofauti ya moto wa kuni na moto wa mashine. Nani kati yetu aliona?

Salehe alipita siku moja, akamkuta pale. Nilikuwepo.

"Mama, naona umepata mume wa pili," akasema. "Huyu ana joto kuliko yule mzee wa kabichi."

"Tena huyu hanung'uniki chakula kikichelewa," mke wangu akajibu.

Salehe alicheka, lakini macho yake yalikuwa chini. Akaitazama jenereta, akamtazama mke wangu, akaniaga. Je, alijua hatari ile akanyamaza? Mpaka leo sijui. Yeye aliniambia baadaye kwamba hakujua, naye ameapa. Nimemwachia Mungu kiapo hicho.

Siku zilizofuata Mama Saumu alilalamika kichwa. Alisema ni baridi imemwingia. Nilimpaka mafuta ya mkaratusi, akalala. Asubuhi alikuwa mzima, na baada ya Adhuhuri akarudi kwenye joto lake.

Siku yenyewe ukungu ulikuwa mzito mpaka msikiti hauonekani kutoka mlangoni kwangu. Upepo ulikuwa ukiusukuma ukungu ndani ya stoo, na yeye akaona njia ya kujikinga. Alifunga mlango. Kisha akachukua gunia tupu akakiziba kile kidirisha, juu ya bomba la moshi. Gunia hilo tulilikuta limeungua upande mmoja.

Mimi nilikuwa nimekwenda kuadhini Alasiri. Nakumbuka kipaza sauti kilivyokuwa kizuri siku ile. Sauti ilitoka safi, haikukatika hata mara moja. Nikajisemea moyoni kwamba leo Mama Saumu amenisikia vizuri...

Baada ya swala nikasomesha kidogo, nikarudi nyumbani. Mashine ilikuwa ikinguruma. Nikabisha mlango wa stoo, nikamwita. Nikafungua, moshi ukanipiga usoni. Alikuwa amekaa vilevile, ameegemea gunia, ungo mapajani, maganda upande huu na maharage upande ule. Mashavu yake yalikuwa mekundu kama ya msichana aliyetoka kwenye jua. Nilidhani amelala. Nilimwita tena, kwa jina lake la utotoni ambalo hakuna aliyebaki wa kulijua isipokuwa mimi.

Jirani alinisaidia kumtoa nje. Muuguzi wa zahanati alikuja akikimbia, akamshika shingoni, akatikisa kichwa. Akaniambia ni hewa mbaya ya mashine, haina harufu ya kumwamsha mtu, inamlaza tu. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Tulimzika kesho yake, Saumu alipofika kutoka Bungu. Alimkumbatia mama yake kwa mara ya mwisho kabla ya kuvikwa sanda, kisha akatoka nje akakaa kwenye kisiki cha mplamu. Hakuuliza mti ulikwenda wapi.

Watani walikuja wote. Mimi kwa muda mrefu nimewaambia watu kwamba vituko vya kaburini si jambo la dini, lakini ni mila ya zamani, na siku ile sikuwa na nguvu ya kumkataza mtu. Kazi ya mtani ni kuingia kaburini kabla ya maiti kuteremshwa, na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Humo ndani huigiza marehemu, hudai chakula, husema kaburi ni lake. Watu hucheka na machozi yanawatoka. Kwa ukoo wangu, anayefanya hivyo ni Salehe.

Akaingia. Watu wakasogea kusikiliza. Walitazamia amwigize Mama Saumu anavyonigombeza kwa kuingia ndani na matope.

Salehe akakaa chini, mgongo kwenye udongo, akasema, "Betri zenu nimeziuza."

Watu wakaanza kucheka. Wengine waliukumbuka utani ule wa siku ya Ijumaa.

"Nimeziuza Mombo," akasema. "Hizi nilizowaletea ni za malori. Zilikuwa zimekufa tangu siku ile."

"Na sasa unataka kutuuzia kaburi!" mtu mmoja akamjibu, na kicheko kikaongezeka. Mwingine akasema, "Mpeni shilingi atoke, ana njaa huyo."

"Mimi ndiye niliyesema muwashe jenereta," akasema Salehe. Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Nilitaka taa ziwake msinijue. Mimi ndiye niliyemuua mama."

Bado walikuwepo waliocheka. Walidhani ameigiza vizuri kuliko siku zote. Lakini mimi niliikumbuka betri moja begani mwa mtu mmoja. Niliikumbuka rangi mpya. Nikajua kwamba yule mtu wa shimoni hatanii, na kwamba hata mara ya kwanza hakuwa anatania.

Kicheko kilikufa kidogo kidogo, kuanzia kwa wale waliokuwa karibu nami, kwa jinsi walivyoniona usoni. Salehe analia kaburini kwa mke wangu, na jeneza liko juu linasubiri.

Mngefanya nini ninyi? Vijana wawili walikuwa wameshika majembe. Nilitazama mikono yao. Nikasema, "Mpeni mkono atoke, tumsitiri mama yenu." Wakampa mkono, akatoka. Nikaswalisha jeneza la mke wangu, na yeye akasimama safu ya nyuma.

Baadaye aliletwa fundi mwingine kutoka Lushoto. Alichomeka kibomba cha kioo kwenye maji ya betri, kile chenye kiboya ndani, na kiboya kikazama mpaka chini. Akasema mbele ya wazee kwamba hata ungezichaji mwaka mzima zisingeshika kitu. Wazee walitaka Salehe apelekwe polisi. Nilisema anayetaka ampeleke, sitamzuia, ila mimi sitatangulia. Hatimaye ndugu zake walirudisha betri nzima msikitini, wakaomba msamaha kwa niaba ya ukoo. Nilisamehe. Nilisema neno hilo kwa ulimi wangu mbele ya mashahidi, na kila swala namwomba Mungu aufanye moyo wangu uufuate ulimi. Kuna siku unaufuata. Kuna siku hapana.

Salehe bado yuko Mlola. Tunakutana sokoni siku za gulio.

"Shikamoo, mzee," husema.

"Marahaba," hujibu.

Basi. Hana mkia wa kuongeza, nami sina. Ukoo wetu na ukoo wao bado wanaitana watani, lakini toka siku ile hakuna mtani anayeingia kaburini kijijini kwetu. Hakuna aliyelikataza jambo hilo. Hakuna anayethubutu tu.

Wasomaji wenzangu, wenye sola na wenye jenereta, nisikilizeni mimi mzee. Betri ikijaa upesi na kuisha upesi, msililaumu jua, msikate miti yenu. Itilieni mashaka betri, na mwiteni fundi wa pili asiyemjua yule wa kwanza. Mpende fundi wako, mtanie, mpe uji, lakini kazi yake ikaguliwe na macho mengine. Nasi tungefanya hivyo, Mama Saumu angekuwa amekaa hapa, akinikosoa ninavyoandika.

Na jenereta, nawasihi kwa jina la Mungu, ikae nje. Inyeshewe, iibwe, iharibike. Itanunuliwa nyingine. Msiiweke ndani, msifunge mlango, msimwache mzazi wenu aote joto lake. Joto lile si la kuni.

Mwenyezi Mungu amrehemu mke wangu na aliangaze kaburi lake kwa nuru isiyohitaji mashine. Na wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akulindie walioko nyumbani kwako, akupe rafiki wa kweli, na kila ukibisha mlango wako jioni, akujaalie usikie sauti ikikuitikia kutoka ndani. Amin.